Shajara ya Tangi la Bahari, Kampala: Nani Akae na Nani

Februari, mwishoni

Tangi limesimama sebuleni na halivuji. Urefu wake ni sentimita 120, upana 40 na kimo 50, yaani lita 240 kwa hesabu ya kioo kitupu. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi niliyoacha juu, maji yenyewe hayazidi lita 200, na hiyo 200 ndiyo namba nitakayoitumia kila ninapoamua samaki gani aingie. Stendi ya chuma kaichomelea fundi wa Katwe. Nimeipaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kwa sababu mzigo wote unapita kilo 300 na chumvi haina huruma na chuma.

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria na hutiwa klorini, kwa hiyo nayapitisha kwanza kwenye mashine ya kuchuja, ndipo nachanganya chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa kila lita. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, inasoma 1.025. Hita nimeiweka nyuzi 25. Mchana wetu hauna shida, ila usiku joto la Kampala hushuka hadi 17 au 18.

Samaki bado. Kwa sasa nafuga bakteria. Natia matone ya amonia, napima, nasubiri. Amonia ndiyo sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Bakteria huigeuza iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita na haina njia ya mkato.

Muuzaji mmoja mjini alinishauri nisisubiri. "Ssebo, anza na hawa, hawafi ovyo," akanionyesha Dascyllus trimaculatus watatu, wale weusi wenye doa jeupe kila ubavu na jingine kwenye paji la uso. Ni kweli hawafi ovyo. Lakini kwanza, kumtia samaki kwenye amonia ili akuandalie maji ni kumchoma mashavu akiwa hai, na hilo silikubali. Pili, samaki huyo hukua hadi sentimita 14, na akiwa wa kwanza kuingia anajihesabu mwenye nyumba. Kila atakayefuata atapigwa. Siku utakapotaka kumtoa, utalazimika kubomoa mawe yote uliyoyapanga. Nimemshukuru yule bwana nikaondoka mikono mitupu.

Machi

Mwezi huu ni wa daftari. Nimeandika majina, nimeyafuta, nimeyaandika tena.

Nia yangu tangu mwanzo ni kuweka samaki wa bahari yetu, hii ya Lamu, Kilifi, Pemba na Mtwara. Uganda haina pwani, na kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, lakini mke wangu ni wa Kilifi na watoto wana nusu yao kule. Wanawajua nkejje na mukene, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Nataka wamjue na kitatange, wamwone anavyogeuka kwenye mwanga, si kwenye picha.

Ila kutoka bahari moja hakutoshi kuwa sababu ya kukaa tangi moja. Kwenye mwamba, samaki mdogo akifukuzwa ana mita mia za kukimbilia. Kwangu ana mita moja na kidogo, kisha kioo. Watu wa hapa hawahitaji kwenda mbali kuelewa jambo hili. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Ziwa lile lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na bado ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi mno za nkejje zilikuwa zimetoweka. Kama ziwa zima halikuwatosha mlaji na mliwa, lita 200 zitawatoshaje?

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila samaki ni kuhusu kinywa chake. Chochote kinachoenea kinywani kitaliwa, hata kama duka zima limeapa kwamba huyo ni mpole. Chewa ameondoka kwenye orodha hapo hapo, na mkunga naye. Bunju anapendeza, ana macho yanayokufuata chumba kizima, lakini atatafuna kamba wote na kuonja mapezi ya wenzake. Ameondoka.

Swali la pili ni ukubwa atakaofikia, si ukubwa alionao dukani. Hapa ndipo tulipokaa sana na binti yangu. Yeye anamtaka kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, mwenye mkia wa manjano. Anapatikana bahari yetu, ni mzuri kweli, na dukani huuzwa akiwa mdogo kama sarafu ya shilingi 500. Nikachukua futi ya chuma, nikaiweka mezani, nikamwonyesha sentimita 30. Huko ndiko anakokwenda. Tena kangaja ni samaki wa mwendo. Kutwa nzima anapita mwambani akitafuta chakula. Tangi la mita 1.2 kwake ni hatua tatu na kugeuka. Na pale penye shina la mkia ana kiwembe kila upande, akibanwa anakitumia. Binti akasema, "Baba, tutanunua tangi kubwa akikua." Nimesikia watu wazima wengi wakisema maneno hayo, na tangi kubwa haliji. Nimemwambia kangaja anunuliwe siku tangi la mita mbili litakapokuwa limesimama na kujaa maji, si kabla. Alinuna, kisha akaandika mwenyewe "HAPANA" mbele ya jina lake.

Mama mkwe, aliyekuwa kwetu wiki hiyo, alichungulia daftari akasema, "Mwanangu, kangaja kwetu ni kitoweo." Kisha akaketi, akatusimulia samaki wanaoletwa na wavuvi wa Kilifi, nani anakaa kwenye majani, nani kwenye mchanga, nani ndani ya mapango ya matumbawe. Nimeyaandika yote, kwa sababu hilo ndilo swali la tatu: kila mmoja anaishi sehemu gani ya tangi? Wawili wanaogombea shimo moja watapigana hata kama wote ni wapole kwa jumla. Mmoja wa mchangani, mmoja wa mashimoni, mmoja wa maji ya katikati na mmoja wa kutembea juu ya mawe hawana cha kugombea.

Swali la nne ni chakula, na hili ndilo linaloua samaki wengi kimyakimya. Mandarini, Synchiropus splendidus, ana rangi ambazo sijaziona kwa kiumbe kingine, lakini hula vijidudu hai vidogo vya kwenye mawe, kutwa kucha. Kwenye tangi changa anavimaliza, halafu anakonda mbele ya macho yako huku chakula ulichomwaga kikimpita puani. Labroides dimidiatus, yule msafishaji anayewatoa samaki wenzake vimelea, naye ana shida ya namna hiyo. Wengi hawakubali chakula cha mkono. Hao wote wawili siwanunui, na namsihi anayeanza asiwanunue.

Orodha iliyobaki ni hii:

Nemateleotris magnifica mmoja, mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, ana unyoya mrefu mgongoni. Hupatikana kutoka Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Mwoga kupita wote, na akishtuka huruka nje, kwa hiyo tangi lazima lifunikwe kwa wavu.

Amblyeleotris wheeleri mmoja, gobi wa mchangani mwenye mistari myekundu, pamoja na kamba anayeishi naye shimo moja.

Salarias fasciatus mmoja, bleni anayekwangua mwani kwenye mawe na vioo.

Klauni wawili. Hapa nimevunja sharti langu la bahari yetu, na nimelivunja kwa makusudi. Pwani yetu ina klauni wake, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Allardi ni mkubwa na mkali kwa tangi langu. Akallopisos ana tabia nzuri, lakini wengi sokoni wamevuliwa mwambani, na amezoea mno kukaa na anemoni, mnyama wa baharini mwenye mikono laini inayochoma ambamo klauni hujificha, na ambayo tangi changa haliwezi kuitunza. Amphiprion ocellaris si wa pwani yetu, ila huzalishwa kwa wingi kwenye vituo vya kufugia. Amezaliwa ndani ya kioo, anakula punje tangu utotoni, na kumnunua hakupunguzi hata samaki mmoja mwambani.

Na wa mwisho, Centropyge acanthops, kitatange mdogo wa bahari yetu hasa, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini. Mwili buluu, uso na mgongo rangi ya chungwa, hazidi sentimita 8. Mmoja tu. Wawili wa jamii hiyo kwenye tangi langu watauana.

Niliyemtoa kwa uchungu ni Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, naye wa pwani yetu. Ni mdogo, ni hodari, anakula minyoo wabaya wa kwenye mawe. Lakini akishazoea mahali hugeuka mbabe, na wa kwanza kuonewa angekuwa yule mwoga wa mwanzo. Siwezi kuwaweka wote, na mwoga nimemchagua kwanza.

Aprili

Vipimo vimetulia. Natia amonia jioni, kesho yake jioni amonia sifuri na nitriti sifuri. Nimebadilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati.

Kabla ya kuagiza nimeamua nisiongeze yeyote kwenye orodha ile, na sababu yake nawaandikia hasa ninyi mnaokaa huku juu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ule wa Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji hupungua kwa uwiano huo huo. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko ya ziwa, na kadiri yanavyopata joto hubeba kidogo zaidi. Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa na watu wa pwani na wa nchi tambarare. Wakisema tangi la lita 200 linabeba samaki wanane wadogo, mimi nasoma sita. Nilikuwa nikifikiria kuongeza kundi dogo la samaki wa maji ya katikati, nimeliacha lote.

Halafu kuna umeme. Ukikatika usiku, pampu husimama, na uso wa maji usipotikisika oksijeni haiingii. Nimenunua pampu mbili za hewa za betri zinazojiwasha zenyewe. Mwezi huu zimefanya kazi zaidi ya nilivyotarajia. Tangi lenye samaki wachache lina saa nyingi za kusubiri umeme kuliko lililojazwa, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuacha nafasi.

Mei

Wa kwanza wamefika: yule mwoga, na gobi pamoja na kamba wake. Wamepitia kwa mwagizaji mwenye kibali na cheti cha afya ya samaki. Kabla ya kulipa nilimwomba anitumie video ya WhatsApp wakila. Si picha, video, na chakula kiingie kinywani nikiona. Samaki asiyekula kwa muuzaji hatakula kwangu. Niliangalia na mgongo: samaki aliyeshinda njaa muda mrefu hubonyea juu ya kichwa na tumbo huingia ndani, na huyo hata ukimpa bure ni hasara yake na yako.

Jambo la mifuko linahitaji maelezo. Samaki akikaa saa nyingi kwenye mfuko, hewa anayoitoa huyatia maji asidi, na asidi hiyo huifanya amonia isiwe kali. Ukifungua mfuko, hewa ile inatoka, asidi inapungua, na amonia inageuka sumu ndani ya dakika chache. Ndiyo maana kuacha mfuko wazi saa nzima ukidondoshea maji polepole ni hatari kwa samaki wa safari ndefu. Nilimuuliza mwagizaji mapema chumvi ya mifuko, akaniambia 1.020. Nikaandaa karantini kwa 1.020 hiyo hiyo. Mfuko ukaelea mpaka joto likalingana, ukafunguliwa, samaki akahamishwa kwa kikombe, maji ya mfuko yakamwagwa. Baadaye nikaipandisha chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Karantini yenyewe ni tangi la lita 60 lisilo na mchanga: chujio la sponji, hita, na vipande vya paipu ya PVC vya kujifichia. Wiki nne kwa kila anayeingia, bila msamaha. Ugonjwa wa madoa meupe wa baharini, Cryptocaryon irritans, ukiingia kwenye tangi kubwa hautoki kwa maneno. Dawa yake ya kawaida ni ya shaba, na shaba inaua kamba na viumbe wote wa kwenye mawe. Kamba amekaa kwenye chombo chake peke yake kwa sababu hiyo.

Chakula: kamba wa baharini waliokatwakatwa vidogo, na punje za samaki wa baharini. Watu wananiuliza mukene. Nawapa mara moja moja, ila si chakula cha kila siku. Mafuta ya samaki wa maji baridi si sawa na yale ya viumbe wa baharini, na upungufu wake huonekana baada ya miezi.

Juni hadi Julai

Mwoga aliingia tangi kubwa wa kwanza, taa zikiwa zimezimwa. Wiki nzima tuliona kichwa tu kwenye ufa wa jiwe la kushoto. Sikumsumbua. Sasa anaelea nje ya ufa ule ule akichezesha unyoya wake, na chakula kikimwagwa anakifuata hadi katikati. Huo ndio muda nilioutaka awe nao kabla hajakutana na yeyote mwenye ubavu.

Gobi na kamba walifuata, na kuhusu hawa ningeweza kuandika kurasa nyingi. Kamba huyu ni wa jamii ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa analolifyatua mpaka unasikia mlio ukiwa jikoni. Macho yake hayaoni vizuri. Anachimba shimo chini ya jiwe, anatoka akisukuma mchanga mbele yake, anaumwaga, anarudi. Wakati wote akiwa nje, unyoya wake mmoja umegusa mkia wa gobi, ambaye amekaa mlangoni akilinda. Gobi akiona kivuli anatikisa mkia mara moja, haraka, na kamba ameshazama ndani hata kabla wewe hujajua umesogea. Gobi akiona hatari imezidi, anageuka naye anaingia kichwa mbele. Binti yangu amejifunza kukaribia kioo taratibu ili waendelee na kazi. Amesahau kangaja, au angalau hamtaji.

Mwani wa kahawia ulipotanda kwenye mawe ndipo bleni alipoingia. Ningemtia mapema angekosa cha kukwangua. Anakaa juu ya jiwe, macho yanazunguka kila moja upande wake, kisha anashuka na kuacha alama za midomo kwenye kioo.

Agosti

Klauni wawili wametoka karantini. Nimewachagua wa kimo tofauti kwa makusudi. Klauni wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wa kundi ndiye hugeuka jike, na akishageuka harudi. Ukinunua wawili wa ukubwa sawa watapigania cheo hicho. Wangu walimaliza mambo siku ya kwanza: mdogo alilala ubavu mbele ya mkubwa, akatetemeka mwili mzima, mkubwa akamzunguka akaenda zake. Tangu hapo wanalala kona moja karibu na pampu. Anemoni hawana na hawaihitaji.

Mkubwa alimfukuza mwoga mara kadhaa alipopita kona ile. Nilikaa kiti cha mbele nikitazama ninachopaswa kutazama: je, anayefukuzwa anakula? Mapezi yamechanika? Anafuatwa hadi shimoni kwake? Alikula, mapezi mazima, na fukuzo liliishia sentimita 20 kutoka konani. Hiyo ni mipaka tu. Ingekuwa anafuatwa mpaka mlangoni kwake, klauni wangerudi karantini usiku huo huo.

Septemba

Kitatange mdogo ameingia. Nilimweka wa mwisho kwa sababu katika sita hawa ndiye mwenye ubishi zaidi, na mbishi anapowakuta wenyeji wameshajigawia sehemu zao hujifunza kupita pembeni. Kabla ya kumwachia nilihamisha mawe mawili ya upande wa kulia, ili hata wenyeji wawe wanatafuta upya mahali pao. Siku tatu za kwanza nilimweka ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu kilichoning'inizwa humo humo tangini. Bleni alikuja kumpimia kimo kupitia matundu, akachoka akaondoka. Alipofunguliwa, bleni alimsukuma mara mbili kutoka jiwe la kati, basi. Leo wanakwangua jiwe moja, kila mmoja upande wake. Nimefunga kipande cha mwani mkavu, ule unaouzwa supamaketi kwa kuviringia wali, kwenye klipu upande wa pili, ili wala mwani wawili wasitegemee jiwe tu.

Vipimo vya wiki hii: chumvi 1.025, nyuzi 25, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10. Natia maji matupu kila asubuhi kufidia yaliyofuka, kwa sababu maji hufuka lakini chumvi hubaki. Maji ya chumvi nabadilisha asilimia 10 kila wiki.

Nimeulizwa na wengi kama nitaongeza wa saba. Hapana. Klauni bado hawajafikia ukubwa wao, bleni naye bado anakua, na miezi ya umeme kukatika haijaisha. Kinachofuata kwenye daftari ni matumbawe laini machache yaliyokuzwa kwa vipandikizi. Kabla ya kuyaagiza nataka nijue kama kitatange ana tabia ya kudonoa, maana baadhi ya jamii yake hudonoa. Nitaanza na kipande kimoja cha bei nafuu, nimtazame.

Wanaotaka kujaribu: andika orodha yako yote kwanza, hadi samaki wa mwisho, na mpangilio wa kuingia, kabla ya kumnunua wa kwanza. Niandikie urefu wa tangi, lita za maji halisi na uko mji gani, nitakusaidia kuipitia.